Herufi A Ndiyo Huchakaa Kwanza

Niliikuta imelala kifudifudi juu ya rundo la rejeta na miguu ya vitanda, kwa mnunuzi mmoja wa chuma chakavu huku Ngamiani. Kijana wa pale alikuwa ameshaikumbatia, mgongo umempinda, anaipeleka kwenye mzani. Imperial 66, taipureta ya mezani iliyoundwa Leicester, Uingereza, uzito wake kama wa mtoto wa miaka minne aliyegoma kutembea.

"Kaka, ngoja kwanza."

"Waitakia nini?"

"Naitazama tu."

Nikajiponza. Hapa Tanga ukishasema unatazama tu, muuzaji anakitua kitu chini taratibu, anakifuta vumbi kwa kiganja, na bei inapaa. Kabla sijapangusa jasho, chuma cha kupimwa kwa kilo kilikuwa kimegeuka "mashine ya Mwingereza hii" na kuombewa elfu 60. Sikubishana papo hapo. Nilichutama, nikaigeuza ikae sawa, nikaingiza kidole kwenye zile nyundo za herufi zilizojipanga kama nusu sahani, nikawa nazinyanyua mojamoja na kuzitazama uso.

Herufi a ilikuwa imelika. Ilikuwa imelika kama kisigino cha kandambili, upande mmoja zaidi ya mwingine. Tumbo lake limejaa wino mkavu uliogandamana na nyuzi za utepe, mkia wake umebaki kivuli. Jirani yake wa juu, q, yuko safi, kingo zake kali kama katoka dukani jana. Na x vilevile. Nikajua hapohapo kwamba mashine hii, hata kama iliajiriwa na Mwingereza, miaka yake mingi ilifanya kazi kwa Kiswahili.

Jaribu mwenyewe. Chukua ile sentensi iliyofungua barua za ofisi nchi nzima: Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ina herufi 39. Ukihesabu a utapata 10. Yaani robo ya sentensi imebebwa na herufi moja. Kwa Kiingereza mzigo wa namna hiyo huubeba e, nayo hupigwa na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kidole chenye nguvu zake. Yetu imeangukia kidole cha mwisho cha kushoto, kile ambacho hata kwenye kushika kikombe hakina msaada. Christopher Sholes wa Milwaukee, aliyepanga herufi hizo, na kiwanda cha Remington kilichoziingiza sokoni miaka ya 1870, hawakuwa na habari nasi. Na mwaka 1967 serikali ilipoagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, mashine zilizokuwa maofisini zilibadilishiwa lugha bila kubadilishiwa hata skrubu moja.

Tulimalizana kwa elfu 35. Niliifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi, nikaisukuma kwa miguu hadi nyumbani, kengele yake ikilia kila nikipita shimo. Wazee wa barazani wakaniuliza nimenunua cherehani ya aina gani.

Nyumbani sasa ziko taipureta 9, kamera 14 na mashine za hesabu 3. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, siku nzima niko mbele ya kompyuta nikisubiri mfumo ufunguke, kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini jioni natamani kitu ambacho ukikibonyeza kinajibu. Lakini kupenda vyuma ni jambo moja, kuchagua kipi ukipandishe rafu ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wenye ugonjwa huu.

Wao hutafuta kilichokaa kwenye boksi lake na kijitabu chake cha maelekezo, plastiki haijabanduliwa. Siwalaumu. Niliwahi kuipata Olivetti Lettera 32 ya namna hiyo kutoka Dar es Salaam, ile ndogo ya mwaka 1963 iliyochorwa na Marcello Nizzoli, mtu yuleyule aliyechora Lettera 22 inayotunzwa kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York. Nzuri kupita kiasi. Rangi yake ya bluu ya kijivu, kifuko chake cha zipu. Niliiweka rafuni miezi mitatu, nikawa naipita tu kama mgeni aliyekaa sebuleni bila kusema kitu. Nikaiuza. Kwa fedha ile nikanunua kamera mbili zilizochakaa na bado nikabakiwa na hela ya samaki kwenye soko la Deep Sea.

Mimi nataka kilichochakazwa na mtu. Nataka nikikishika nijue alikuwa anafanya nini.

Hili nililipata kwa shangazi yangu. Shangazi alisomea uhazili Tabora mwishoni mwa miaka ya sabini, akarudi Tanga kuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya shamba moja la mkonge. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunapelekwa kwake wakati wa likizo, na kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni kidole chake cha mwisho cha kushoto: kimepinda kidogo kuelekea nje, kama kinataka kuondoka kwenye mkono. Yeye husema kilipindishwa na a. Mama yangu husema kilipindishwa na kupasua kuni Lushoto walipokuwa wasichana. Mzozo huo una umri wa miaka 40 na hauna dalili ya kwisha.

Kwa upande wa shangazi ipo hoja. Barua moja ya ofisini haikuwa karatasi moja. Ilikuwa ya juu, halafu kaboni, ile karatasi yenye wino ya kunakilia, halafu nakala ya faili, kaboni tena, nakala ya mhasibu, kaboni tena, nakala ya mwenye shamba. Pigo lililotosha karatasi ya juu halikufika ya nne. Ilibidi kila herufi ipigwe kama unafukuza kitu, na kidole kidogo kililazimika kuleta nguvu sawa na wenzake, la sivyo nakala ya mwisho inasomeka "tfdhli husik n kichw ch hbri". Bosi wake mmoja aliwahi kumrudishia nakala kama hiyo akamuuliza ameanza kuandika Kiarabu.

Stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, ilikuwa na adabu zake nyingine. Hapo utepe unaondolewa njiani kwa kusogeza kidude pembeni, herufi inachonga nta moja kwa moja, kisha stensili inavishwa kwenye mashine ya kudurufu. Ukipiga o kwa hasira, kiduara cha katikati kinadondoka kama kidonge, na kwenye kila nakala unapata doa jeusi pale palipokuwa na o. Shangazi anasema ukitaka kujua kama mpiga chapa kagombana na mumewe asubuhi, tazama o zake.

Hajawahi kununua taipureta. Alipostaafu hakutaka hata kuiona. Nilipoanza kukusanya alinicheka: "Wenzio wanakusanya mashamba, wewe wakusanya adhabu zangu."

Sasa kuna hii nyingine ambayo ilinitia aibu. Ni Olympia, ya Kijerumani, iliyoshuka kutoka misheni moja milimani Usambara na kuishia kwa muuza mitumba. Nilifurahi mno nikalipa bila kuangalia kibao cha herufi. Usiku nikakaa kumwandikia rafiki yangu wa Pangani barua ya kujivuna. Naandika kwa mazoea, sitazami vidole. Nilipoinua karatasi nikasoma: "Nakusalimu wewe na wayayi wako, hapa nzumbani sote wayima, natumaini kayi zako nazo inakwenda vizuri." Kibao cha Wajerumani kimezibadilishana z na y, kwa kuwa kwao z ndiyo hutumika sana. Kwetu zote mbili zina kazi kubwa, na ubaya ni kwamba ukikosea huenda usigundue, maana "kazi yako" ikiwa "kayi zako" angalau sehemu ya pili bado ni Kiswahili. Kule mwishoni, "vizuri" ilitoka sawa kwa bahati tu, nilikuwa nimesita kuvuta chai.

Nilipozitazama nyundo za hiyo Olympia, a imelika, lakini z imelika pia, na kwenye kitufe cha z pana alama ya wembe: mtu alikwangua kimstari kidogo kisichoonekana mpaka ukiweke kwenye mwanga. Nadhani ni mtu kama mimi, mwenye vidole vilivyofunzwa kibao cha Waingereza, aliyejiwekea alama ili kidole kikigusa kikumbuke. Sikukipaka rangi kitufe kile. Vitufe vya ä, ö na ü vimekaa pembeni vipya kabisa.

Kuzitengeneza ni habari nyingine. Ngamiani bado yupo mzee mmoja anayetengeneza vyerehani, na ndiye aliyenifunza baada ya mimi kuiharibu Imperial kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeimiminia mafuta ya cherehani kwenye mifereji ya nyundo, nikiona zinavyoteleza nikajipongeza. Ikaja masika. Mafuta yakashika vumbi, vumbi likashika unyevu, asubuhi moja nikabonyeza k ikapanda juu na kubaki huko kama mtu aliyeshangaa. Mzee aliitazama, akanusa, akaniambia: "Hii hailishwi mafuta mwanangu. Mwogeshe kwa petroli, mswaki wa zamani, mwache akauke juani. Mafuta weka huku kwenye reli anakotembelea, tone moja, na hilo moja lifute." Akakataa malipo. Akataka tu aandike jina lake. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa zote, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Kwenye kamera, adui wa hapa ni hewa yenyewe. Upepo wa bahari unaoifanya Raskazone kuwa tamu jioni ndio unaoingia katikati ya vioo vya lenzi na kupanda ukungu, mizizi myeupe myembamba kama utando wa buibui. Lenzi zangu naziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mgumu, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Majirani wakinunua viatu wananiletea vifuko. Vikishashiba unyevu navikausha kwenye sufuria juu ya moto mdogo, vinarudi kazini.

Ile ninayotaka kuisimulia ni Yashica Mat 124G, kamera ya lenzi mbili unayoitazama kutoka juu, kidevu kifuani. Ilitengenezwa tangu 1970 hadi katikati ya miaka ya themanini na studio nyingi ziliipenda kwa sababu filamu yake ya 120 inatoa picha 12 za mraba, kubwa za kutosha kusafisha picha ya ukutani. Hii ilikuwa ya mpiga picha wa studio aliyefariki. Wanawe walinipa kwa bei ya heshima, pamoja na taa moja na pazia lililochorwa ngazi za ikulu na mnazi.

Nilifika nayo nyumbani saa kumi jioni, jua limeingia barazani mpaka mlangoni. Nikakaa, nikageuza kile kisurufu cha chini, nikafungua mgongo.

Filamu ilikuwamo.

Kidude cha kuhesabia kilikuwa pale pale ubavuni kikionyesha 9. Nilikuwa nimekitazama kwa macho mawili na sikukisoma. Nikafunga kwa kishindo kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu. Mke wangu akauliza kuna nini, nikasema hakuna.

Usiku ule sikulala vizuri. Kilichonipa tumaini ni jinsi filamu ya 120 inavyofungwa: imeandamana na karatasi nyeusi mgongoni, na picha zikishapigwa huviringwa na karatasi ikibaki nje. Kwa hiyo iliyochomwa na jua hasa ni ile iliyokuwa imetandazwa nyuma ya lenzi, na kingo za zile za juujuu. Za ndani huenda zimepona.

Tatizo la pili: ilikuwa filamu ya rangi, imekwisha muda wake miaka mingi, na Tanga hapa hakuna tena anayesafisha. Dawa za rangi zingenigharimu kuliko kamera. Ndipo nikaikumbuka dawa ya kahawa. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake kwenye chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga, ile inayoyeyuka kwenye maji, ikichanganywa na soda ya kufulia inaweza kusafisha filamu, na wengine baadaye wakaongeza vitamini C kuipa nguvu. Filamu ya rangi ukiisafisha hivyo inatoka nyeusi na nyeupe, lakini inatoka.

Kwa lita moja ya maji unahitaji gramu 40 za kahawa, 16 za vitamini C na 54 za soda. Kahawa nilitumia ya kopo, ya Bukoba, na nimesoma kwamba kahawa ya bei rahisi ndiyo inayofaa zaidi, jambo lililonifariji. Vitamini C nilinunua vidonge 32 vya miligramu 500. Dada wa duka la dawa akaniuliza kama nyumba nzima tuna mafua. Soda ya kufulia sikuipata. Nilichukua magadi, haya haya ya kulainishia maharage, nikayaponda na kuyakaanga kwenye kikaango kikavu mpaka yakawa meupe na mepesi, kwa sababu magadi ni soda mbili zilizoshikana na moto huigeuza ile dhaifu ikawa kali. Iliyobaki ilikuwa joto. Vitabu vyote vinataka nyuzi 20. Maji ya bombani kwetu mwezi wa Februari ukiyaita ya baridi umeyakosea heshima. Nikanunua barafu ya mfuko, ile ya wauza samaki, nikaichomeka chupa ndani ya ndoo nikasubiri na kipimajoto.

Harufu yake siwezi kuieleza kwa watu wanaokula. Mke wangu alitoka nje na watoto. Dakika 15 nikitikisa kitangi chenye filamu kila dakika, kisha nikamwaga, nikaosha, nikamimina dawa ya kukazia iliyobaki kwa rafiki yangu wa eksirei walipohamia mashine za kompyuta.

Kati ya 9, nne zilikuwa na kitu. Tatu kati ya hizo ni mvulana mmoja wa shule ya msingi, kaptula mpya bado ina mikunjo ya dukani, amesimama mbele ya zile ngazi za ikulu, mkono mmoja ameushika mwingine. Kwenye ya tatu ametikisika, anakaribia kucheka au kulia. Ya nne ni ngazi tupu na mnazi, hakuna mtu. Na kwenye zote, upande wa kulia, unapita mchirizi mweupe kutoka juu mpaka chini. Ule ni mwanga wa baraza langu, saa kumi jioni, miaka mingi baada ya mtoto kuondoka.

Niliwapelekea wale ndugu. Walizipokezana, wakatazama nyuma kama kumeandikwa kitu. Mkubwa wao akasema, "Huyu hatumjui. Atakuwa mteja." Hakuja kuzichukua, au alikuja akakuta studio imefungwa. Nimezibandika dukani kwa rafiki yangu Mgandini, karibu na mlango. Mtu wa miaka 30 au zaidi anaweza kuingia kununua sukari akajikuta.

Mashine za hesabu watu hawazijui kabisa, kwa hiyo naombeni subira. Ninayoipenda ni Original-Odhner, kutoka Göteborg, Uswidi. Aliyeibuni ni Msuidi, Willgodt Odhner, ila alikuwa akiishi na kufanya kazi St. Petersburg, Urusi, na baada ya mapinduzi ya 1917 ukoo wake ulihamisha kazi Göteborg. Ni ndogo kama mkate wa boflo, nyeusi, ina mpini ubavuni. Kwa mbele kuna safu za vishikio vidogo vinavyopanda na kushuka kati ya 0 na 9. Ukikishusha kwenye 7, ndani gurudumu la safu hiyo linatoa meno saba. Ukizungusha mpini mara moja, meno saba yanasukuma namba saba mbele.

Sema vibarua 247 wamefanya kazi siku 26 kila mmoja. Unapanga 247. Unazungusha mara sita. Unasogeza behewa la chini hatua moja. Unazungusha mara mbili. Soma chini: 6422. Mizunguko minane, umemaliza, na mkono wako umeisikia hesabu ikipita.

Kugawanya ndiko kunakonifanya niitoe kabatini kila mgeni akija. Mia moja kwa saba: unaanza kwenye makumi, unazungusha kinyume kutoa 70, inabaki 30. Unatoa tena, na hapo kengele inalia ting! na dirisha lote linajaa tisa, 99960, maana umechukua kisichokuwepo. Unarudisha mzunguko mmoja mbele, yanatulia kwenye 30. Unasogeza behewa, unatoa saba saba, mara nne, ya tano kengele tena, unarudisha. Jibu 14, baki 2. Binti yangu mdogo hugawanya kila kitu ili kengele ilie. Ningefundishwa hesabu hivi shuleni nisingechapwa.

Hii ilitoka kwenye duka la jumla lililofungwa mjini. Vile vishikio vya safu nne za kulia vimepoteza rangi, shaba inang'aa. Cha tano kimepauka kidogo. Kuanzia cha sita kwenda kushoto vyeusi tii. Hakuna aliyewahi kuhesabu mamilioni hapo. Nimejaribu kukisia duka liliuza nini, na nadhani vitu vidogo vingi.

Ninayo pia mashine ya kujumlisha ya Kiingereza, ya pauni, shilingi na peni. Safu yake ya peni inaishia 11, kwa sababu peni 12 ni shilingi moja na shilingi 20 ni pauni. Ila shilingi ya Afrika Mashariki tangu mwanzo ilikuwa ya senti 100. Safu ya peni ya mashine hiyo haina hata mkwaruzo. Aliyeileta Tanga alileta mashine isiyojua hela za hapa, na karani aliyekabidhiwa aliitumia kwa shilingi peke yake na senti akazijumlisha kichwani, au kwa penseli.

Curta sina, na kwa bei zake sitakuwa nayo. Kwa msiojua: ni mashine ya hesabu ya kushikwa kiganjani, kama kisaga-pilipili, na michoro yake Curt Herzstark wa Vienna aliikamilisha akiwa mfungwa wa Wanazi kwenye kambi ya Buchenwald, alikopelekwa 1943. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba waliomfunga walimruhusu achore wakitumaini kumpa Hitler kama zawadi ya ushindi. Ushindi haukuja, yeye akatoka hai, na mashine zikatengenezwa Liechtenstein mpaka 1972. Mwaka huohuo kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kikokotoo cha mfukoni cha umeme, na mchezo ukaisha. Nikiipata siku moja nitaivunja ile sheria yangu. Hata ikiwa mpya kabisa.

Mwezi uliopita shangazi alikuja kwa ajili ya hitima ya jirani, akalala kwetu. Asubuhi nikamkuta amesimama mbele ya rafu, khanga begani, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hii ya wapi?"

Imperial. Nikamweleza habari ya a. Hakusema kitu. Akavaa miwani, akaomba niiteremshe mezani, akaomba kiti kingine kwa sababu kile cha plastiki kilikuwa kifupi kwake. Akaingiza karatasi mbili, moja nyuma ya nyingine, akaizungusha, akainyoosha kwa kulegeza kile kibano cha pembeni ambacho mimi nilikuwa sijakijua kazi yake mpaka dakika ile.

Halafu akaandika. Nilikuwa nimezoea kusikia mlio wangu, tap, tap, kimya, tap. Wake ulikuwa mvua ya bati. Nikasikiliza vizuri na ndani ya mvua ile nikaanza kukitambua kishindo kimoja kizito kuliko vingine, kinachorudi na kurudi. Kidole kile kilichopinda kilikuwa kinanyanyuka juu zaidi ya vyote na kushuka kwa chuki. Kengele ikalia, mkono wa kushoto ukalisukuma behewa bila jicho kuinuka, akaendelea.

Aliandika mistari mitano akachomoa. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Aliikaribisha dirishani akasoma, mdomo umebetuka.

"Nani kakwambia a ndiyo imekwisha?" akasema. "Utepe ndio umekwisha. Nenda Mgandini ukanitafutie utepe, na kaboni. Na urudi upesi, nina basi saa nane."